Ibnus-Sabil wa Uwanja wa Ndege



 Napenda kuchukua nafasi hii katika jarida letu kuzungumzia jambo ambalo si geni kwetu, ila hatujalipa nafasi darasani wala majumbani.

Kila mwanafunzi aliyefika darasa la fiqhi anaweza kutaja bila kusita aina nane za watu wanaostahiki kupewa zaka, kama walivyotajwa katika Surat At-Tawba. Mwulize huyu wa nane ni nani, atakujibu kuwa ni ibnus-sabil, msafiri aliyekatikiwa na njia. Sasa mwulize ibnus-sabil anafananaje. Hapo ndipo utakapoijua picha iliyomo kichwani mwake: mzee mwenye kilemba, ngamia wake amekufa, mchanga umemzunguka pande zote. Mimi nasema ibnus-sabil wa zama zetu tumempita mara nyingi bila kumtambua. Ameketi sakafuni karibu na plagi ya ukutani, anachaji simu, mkoba wake ameuegemea ubavuni. Ndege iliyomleta ilichelewa, ndege ya kuunganisha imeshaondoka, viza ya kutoka nje ya uwanja hana, na kadi yake ya benki mashine ya pale imeikataa. Huenda kwao ana nyumba mbili na duka. Pale alipo hana pa kulala wala cha kula, na sharia yetu haiangalii nyumba zile mbili. Inaangalia pale alipo.

Siku hizi safari zimekuwa nyingi kuliko walivyosafiri wazee wetu. Watu wanakwenda kwa wajomba zao Muscat na Dubai, wanakwenda umra, vijana wanakwenda kusoma Uturuki na Malaysia, mabibi wanakwenda kuwaona wajukuu London na Leicester. Ndege za moja kwa moja kutoka kwetu ni chache, hivyo wengi hupitia Addis Ababa, Nairobi, Doha, Dubai au Istanbul. Na kila penye kuunganisha ndipo penye kukatika. Maoni yangu niyaseme mapema ili msomaji ajue ninakokwenda: watoto wetu tunawafunza dua ya safari, na hilo ni jema sana, lakini hatuwafunzi kusoma tiketi. Tunawausia subira, lakini hatuwaambii kuwa mwenye kusubiri anaruhusiwa kunyanyuka na kuuliza. Matokeo yake watu wetu, hasa mama zetu na mabinti zetu, huwa wa mwisho kupata kile wanachostahiki.

Msidhani kuwa haya humpata mtu mzembe tu. Tarehe 16 Aprili 2024, siku sita tu baada ya Idd el-Fitri, Falme za Kiarabu zilinyeshewa mvua kubwa kuliko zote zilizopimwa huko tangu kumbukumbu zianze mwaka 1949. Sehemu moja ya Al Ain ilipata zaidi ya milimita 250 kwa muda usiofika saa ishirini na nne. Njia za kurukia ndege Dubai ziligeuka bahari, na barabara za kwenda uwanjani zikafungwa. Shirika la Emirates peke yake lilifuta karibu safari 400 katika siku zile, na mkuu wake aliandika barua ya wazi kuwaomba radhi abiria. Uwanja ule ni miongoni mwa viwanja vyenye abiria wengi wa kimataifa kuliko vyote duniani, una kila kitu cha fahari, na maelfu ya watu walilala sakafuni. Tajiri na masikini walilala sawa.

Lakini mvua ile ni jambo la nadra. Zaidi ninachotaka kukizungumza ni kukwama kwa kawaida, kule kusikotangazwa redioni. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, mcha Mungu na mwenye adabu zake, alikuwa anarudi kutoka kumwangalia binti yake Ulaya. Ndege ya kwanza ilichelewa kwa saa mbili na zaidi, na alipofika pa kuunganishia, uwanja mmoja wa Ghuba, akakuta geti limefungwa. Mfanyakazi mmoja aliyekuwa akipita akamwambia asubiri. Naye akasubiri. Aliketi pale baada ya Isha mpaka ikaingia Adhuhuri ya siku ya pili. Abiria wenzake waliotoka naye ndege moja walikwenda kaunta, wakapewa vocha za chakula na vyumba vya kulala ndani kwa ndani, wakarudi asubuhi wameoga. Mwanawe alipompata kwa simu akamwuliza, "Mama, umezungumza na mtu?" Akamjibu, "Nasubiri, mwanangu. Wakiniona wataniita."

Hakuna aliyemwita. Aliyekaa kimya kwenye uwanja wa ndege huhesabiwa kuwa hana shida. Alipofika nyumbani tulikwenda kumpa pole, akatuambia uwanja wenyewe mzuri sana, ila sakafu ni baridi.

Mama huyu hakuwa mjinga. Alilelewa hivyo, na wengi wetu tumelelewa hivyo: mtu mwenye haya hajitangulizi, haombi, na anayepaza sauti mbele za watu amekosa malezi. Haya ni katika imani, wala simpingi anayesema hivyo. Lakini tuitazame Surat Al-Kahf tunayoisoma kila Ijumaa. Nabii Musa (A.S.) na yule mja mwema aliyefuatana naye walifika mji mmoja na njaa, wakawaomba wenyeji chakula. Watu wa mji wakakataa kuwakaribisha. Tumekisoma kisa hiki mara ngapi tukaishia kwenye ukuta uliosimamishwa, tukapita juu ya jambo hili kubwa, kwamba Nabii wa Allah akiwa safarini aliomba chakula na haikuwa aibu kwake? Aibu ilibaki kwa waliomnyima. Na yule bedui aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia wake hakuambiwa amwachie tu na kutawakali. Aliambiwa amfunge kwanza.

Basi kufunga ngamia katika zama hizi huanzia kwa wakala wa tiketi. Hapa naomba wazazi wanisikilize vizuri, kwa sababu pesa nyingi hupotea hapa. Mtoto anakwenda masomoni. Wakala anakwambia kuna njia ya rahisi: ndege hii mpaka Dubai, kisha ndege ya shirika jingine mpaka anakokwenda, unaokoa dola mia na kitu. Mwulize swali moja tu: hii ni tiketi moja au ni mbili? Kama safari yote imeandikwa katika tiketi moja, yenye namba moja ya kumbukumbu (zile herufi na tarakimu sita), basi ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikaondoka, ni kazi ya shirika kumfikisha mwanao kwa ndege nyingine bila kumtoza tena. Hata kama mashirika ni mawili, maadamu tiketi ni moja, wao wameshakubaliana. Lakini zikiwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, shirika la pili halijui wala halijali kuwa ndege ya kwanza ilichelewa. Kwao mwanao ni abiria asiyetokea. Tiketi imekufa, na mara nyingi sehemu zote zilizobaki, pamoja na ile ya kurudi, hufutwa nayo. Zile dola mia zilizookolewa zitalipwa mara tano kwenye kaunta saa nane za usiku.

Pia katika tiketi mbili mzigo huishia pale inapoishia tiketi ya kwanza. Ili kuuchukua na kuuandikisha upya ni lazima upite uhamiaji, na kupita uhamiaji kunataka viza. Nimeona tiketi zilizokatwa mtu ateremke Istanbul katika uwanja wa upande wa Ulaya (IST) na aondokee Sabiha Gökçen upande wa Asia (SAW). Kwenye karatasi zote zimeandikwa Istanbul, kumbe katikati pana mji mzima na mlango wa bahari. London nayo ina viwanja kadhaa vya namna hiyo. Basi zisomeni zile herufi tatu tatu katika tiketi, na muda uliobaki kati ya ndege moja na nyingine. Na unapokabidhi begi kaunta, tazama kile kipande wanachokufungia: herufi tatu zilizoandikwa kwa ukubwa ndiko begi linakokwenda. Kama si unakokwenda wewe, uliza kabla halijaondoka mbele ya macho yako.

Kuna na suala la saa, na hapa nacheka kidogo. Tiketi inasema Ijumaa, saa 00:40. Kijana wa leo husoma Ijumaa, akaona ni usiku, akajipanga kuondoka nyumbani Ijumaa baada ya Isha. Ndege imeshaondoka kitambo, kiasi cha saa ishirini zilizopita. Bibi yake asiyejua kusoma Kiingereza angeambiwa "usiku wa Ijumaa" angefunga mizigo Alhamisi jioni, kwa sababu kwetu sisi usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Katika hili wazee wametupita. Na ile 02:00 si saa mbili, ni saa nane za usiku. Mkipita Addis Ababa mtafurahi kujua kuwa wenyeji huhesabu saa kama sisi, saa sita yao ya mchana ni saa sita yetu, na mtu wa pale akikujibu kwa mazoea yake mtaelewana vizuri, isipokuwa vibao vya uwanjani hufuata saa za kimataifa. Dubai na Muscat wao wako mbele yetu kwa saa moja, na watu wameachwa kwa saa hiyo moja huku wamekaa dukani karibu na geti, wanatazama saa ya mkononi.

Tuseme yote umeyafanya na bado umekwama. Kitu cha kwanza ni kwenda kaunta ya transiti ya shirika lililokuleta, upesi, kabla ya kununua chai na kabla ya kuanza kupiga simu nyumbani kulalamika. Ndege ikichelewa yenye watu mia tatu, viti vya ndege inayofuata havifiki mia tatu, na hutolewa kwa waliofika mbele. Ukiwa katika foleni, aliye nyumbani apige simu ofisi ya shirika mjini. Wakati mwingine aliye mjini hupata jibu kabla ya aliyesimama kwenye foleni. Ukifika mbele sema kwa ufupi, bila hotuba: nimetoka huku, mwisho wa safari yangu ni huku, ndege yenu imechelewa, nipangieni ndege ya mapema iwezekanavyo, na mpaka wakati huo naomba chakula na pa kulala. Usilie na usigombe. Aliye kaunta hakuichelewesha ndege yeye, na ameshatukanwa na ishirini waliokutangulia. Nimeona mara nyingi mwenye sauti laini na maneno yaliyonyooka akisaidiwa kuliko mwenye kupiga meza. Lakini sauti laini bado ni sauti. Mama yangu, inuka, nenda useme.

Wakikupa njia nyingine, tuseme wakupitishe nchi ambayo hukuipanga, uliza kama nchi hiyo inataka viza kwa mwenye pasipoti yako. Mfanyakazi anaweza kusahau kwamba wewe si Mzungu. Jina lako na tarehe mpya hakikisha umepewa kwa maandishi, na risiti ya kila ulichonunua kwa ajili ya kukwama kule, hata chupa ya maji, itie mkobani.

Risiti zina kazi. Upo mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga uliotiwa saini Montreal mwaka 1999, na Tanzania na Kenya zote zimo ndani yake. Mkataba huo unalibebesha shirika hasara iliyomfika abiria kwa kucheleweshwa, isipokuwa likithibitisha kuwa lilichukua kila hatua ya busara kuepusha hasara hiyo. Kiwango cha juu tangu tarehe 28 Disemba 2024 ni vizio 6,303 vya SDR kwa kila abiria, kipimo cha fedha cha IMF ambacho kimoja huzidi dola moja ya Marekani. Hicho ni kikomo, si zawadi: unalipwa hasara uliyoithibitisha, ndiyo maana ya risiti. Begi likichelewa, malalamiko yaandikwe ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa; likiharibika, ndani ya siku 7. Siku zikipita, umepoteza. Tunao watu wengi waliokuja kukumbuka begi lao lililovunjwa baada ya mwezi, wakati wa kutaka kusafiri tena.

Anayeondokea Ulaya ana zaidi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 iliwapa abiria wote wanaoondoka katika nchi hizo, wa rangi na pasipoti yoyote, haki ya chakula, mawasiliano, na hoteli panapohitajika kulala, na fidia ya fedha kati ya Euro 250 na 600 kwa ucheleweshaji mkubwa ambao shirika halina udhuru wa dharura. Mahakama ya Ulaya iliamua mwaka 2013 kuwa katika safari ya kuunganisha huhesabiwa kuchelewa kwako kufika mwisho wa safari. Maana yake ni kwamba ndege iliyotoka Ujerumani ikichelewa kidogo tu, lakini kwa sababu hiyo ukakosa ya pili na kufika nyumbani siku ya pili yake, kinachotazamwa ni saa uliyofika nyumbani.

Na mjue tofauti ya fidia na huduma, kwani hapa wengi huzungushwa. Mwezi Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull kule Iceland ilijaza majivu angani, na anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ikafungwa kwa siku kadhaa. Safari kiasi cha 100,000 zilifutwa na abiria kiasi cha milioni kumi wakaathirika. Hata wakulima wa maua wa Kenya walitupa maua yao. Mwanamke mmoja wa Ireland aliyekwama Ureno kwa siku saba alidai gharama zake za kula na kulala, zaidi ya Euro 1,100. Shirika likasema volkano si kosa letu. Mahakama ile ile, mwaka huo huo wa 2013, ikasema kweli si kosa lenu na fidia hamdaiwi, lakini kumlisha na kumlaza ni wajibu wenu hata ingekuwa volkano. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ni hali ya hewa," usiondoke hapo kaunta. Hali ya hewa hujibu suala la fidia. Njaa yako bado haijajibiwa. Ghuba na Afrika sheria hazifanani na za Ulaya, lakini mashirika mengi yana utaratibu wao wa chakula na malazi kwa aliyekosa ndege kwa sababu yao. Utaratibu huo humfikia anayeuliza.

Ibada nayo. Nimewasikia watu wakisema walikosa sala kwa sababu walikuwa katika foleni, na wengine walitoka katika foleni kwenda kusali wakakuta viti vimekwisha. Wote wawili walisahau walichosoma. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, kutanguliza au kuchelewesha. Ruhusa hii ni kama imewekwa kwa ajili ya foleni ile. Na aliyekwama huku akitarajia kuondoka wakati wowote, hajui ni leo au kesho, katika madhehebu yetu ya Shafi anaendelea kupunguza mpaka siku 18. Tofauti na aliyenuia kukaa siku nne kamili, mbali na ya kufika na ya kuondoka. Wakati wa sala fuata wa hapo ulipo, maana simu nyingine hubaki na saa za nyumbani. Viwanja vya Dubai, Doha na Istanbul vina misikiti na vyumba vya kusalia, na Heathrow ina vyumba vya ibada vya watu wa dini zote. Tatizo ni udhu, pale unapomwona mwenzetu amepandisha mguu juu ya sinki na kila mtu anamtazama. Vaa khufu kabla ya safari, ukiwa na udhu: msafiri hupaka juu yake siku tatu na usiku wake. Na beba chupa tupu. Ukaguzi hukataa maji, haukatai chupa.

Mama zetu wasisahau kanga mbili katika mkoba wa mkononi. Kanga ni mswala, ni shuka, ni pazia la kumnyonyeshea mtoto, na mto ukiikunja. Dawa za presha na sukari nazo zikae mkononi, kamwe zisiwe katika begi la chini, kwa sababu ukikwama begi hulipati. Mzee asiyeweza mwendo mrefu aandikiwe kiti cha magurudumu tangu siku ya kukata tiketi. Kwa kawaida hakina malipo, na anayekisukuma anaijua njia ya geti.

Pasipoti isitoke mwilini. Yupo mzaliwa wa Iran, Mehran Karimi Nasseri, aliyeishi katika uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, tangu mwaka 1988 mpaka 2006 kwa matatizo ya hati zake, na akafia pale pale mwaka 2022. Na usipokee mzigo wa mtu yeyote, hata akikuamkia kwa salamu nzuri na kukwambia ni dawa za mama yake mgonjwa. Aliyekwama huonekana mpole na mwenye kuhitaji rafiki, na wabaya wanalijua hilo.

Wakiwa watatu au zaidi wamekwama pamoja, Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa wasafiri watatu wamweke mmoja wao kuwa amiri. Nimeona kundi la umra likitawanyika uwanjani kila mmoja na ushauri wake, huyu anataka kukata tiketi mpya, yule anampigia binamu yake. Mmoja akikamata pasipoti na kusimama kaunta, mwingine akilinda mizigo na wazee, wa tatu akiangalia wakati wa sala na chakula, kazi huwa nyepesi. Amiri si lazima awe mkubwa wa umri. Awe anayejua lugha na asiye na hasira.

Wazazi mlioko nyumbani, mtoto akikupigia analia kuwa ameachwa na ndege, usianze na "kwa nini." Kwa nini itasubiri. Mwulize kama yuko salama, kama ameshakwenda kaunta, na simu yake ina chaji kiasi gani. Nakala ya tiketi na ya pasipoti yake uwe nazo wewe, uzipige simu wewe.

Na nyinyi ndugu zetu mlioko Dubai, Muscat, Doha, London: ukipata habari kuwa yuko mtu wa kwenu uwanjani amekatikiwa, usiulize kwanza ni wa ukoo gani. Kama hawezi kutoka, mpigie shirika kwa lugha ya pale, mtumie fedha ya chakula. Na kama anaweza kutoka, mfuate. Wanachuoni wa Shafi wamesema ibnus-sabil hupewa hata kama ni tajiri kwao, maadamu hana cha kumfikisha na safari yake si ya maasi. Kwa hiyo hata zaka yako inaweza kumfikia, ukimwuliza sheikh wako namna ya kuitoa.

Ombi langu kwa walimu wa madrasa yetu ni dogo. Kabla ya likizo ijayo, Alhamisi moja baada ya Alasiri, darasa la wakubwa waketi na tiketi halisi mbele yao, wazisome herufi, saa na tarehe, na mmoja asimame kuwa mfanyakazi wa kaunta na mwingine awe abiria aliyekwama. Mabinti waanze kusema wao. Mama zao na mabibi zao waalikwe, wakae mbele. Tiketi za zamani ninazo nyingi, nitazileta mwenyewe.

Wabillahi Tawfiq.